Sandwichi ya alfajiri inayoliwa mchana: uweke nini ndani?

SWALI: Natengeneza sandwichi nyumbani saa 11 alfajiri, halafu nauza maofisini na karibu na stendi ya teksi hapa Jinja, Uganda, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Ninazo za yai, za kuku na za parachichi. Friji ninayo, lakini umeme si wa kutegemea. Wateja wanalalamika mkate umelowa, parachichi limekuwa jeusi, na wiki iliyopita mmoja alirudisha ya kuku akisema inanuka. Watu wanapenda nini zaidi, na nichanganye vipi ili ifike mchana ikiwa nzuri? – Msomaji, Jinja

JIBU: Dada, yai, kuku na parachichi vinapendwa sana kwenye sandwichi, kwa hiyo usiviache. Kinachokuangusha ni kuvipa vyote ratiba moja. Kila kijazo kina saa zake. Kipo cha kukaa kutwa nzima bila barafu, kipo cha kukaa na barafu tu, na kipo cha kupakwa mteja akiwa amesimama mbele yako. Ukishavitenga hivyo, malalamiko mengi yataisha.

Nianze na ile ya kuku, maana hiyo inaweza kumlaza mtu hospitalini. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, bakteria huzaliana kwa kasi. Kiasi kinachoruhusiwa kukaa hivyo ni saa 2, na hali ya hewa ikipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Sasa hesabu: umepika na kufunga saa 11 alfajiri, mteja anakula saa 6 mchana. Hizo ni saa 7. Na kama kuku alikuwa bado na uvuguvugu ulipomfunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), mvuke uligeuka maji humo ndani, ukalowesha mkate na kuwapa bakteria joto na unyevu kwa pamoja. Ile harufu ilitoka hapo. Ujue pia kwamba sandwichi isiyonuka inaweza kuwa mbaya vilevile. Yupo bakteria anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikononi, anaitwa Staphylococcus aureus, ambaye akipata nyama iliyochambuliwa kwa mkono na saa za kutosha huacha sumu isiyo na harufu, na ukiipasha moto upya haiondoki. Kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kuchambua, chambua kwa uma mbili badala ya vidole, na mwenye kidonda mkononi asiguse nyama.

Dawa yake ni barafu, na barafu haihitaji friji yako iwake kutwa. Tafuta lile sanduku la plastiki nene lenye mfuniko wanalobebea soda za harusini, la lita 20 hivi. Gandisha chupa 6 za maji za nusu lita, kwako au kwenye friza ya duka la jirani. Chupa 4 zilale chini, kisha bati jembamba au kadibodi ili mkate usigusane na jasho la chupa, kisha sandwichi ndani ya mkebe wenye kifuniko, kisha chupa 2 juu. Kijazo kiingie humo kikiwa kimeshapoa, la sivyo unayeyusha barafu kwa kuku wako mwenyewe. Kipimo chepesi ni hiki: saa 6 mchana tikisa chupa. Ukisikia barafu bado inagonga ndani, ni dalili kwamba ubaridi bado upo. Ikiwa imeshakuwa maji yote, za yai na za kuku hazifai tena kuuzwa siku hiyo.

Sasa mkate. Mkate wetu wa dukani ni laini na una sukari kidogo, kwa hiyo hunyonya maji upesi. Nunua uliookwa jana. Wa leo asubuhi bado una unyevu mwingi, ukiukata unachanika na ukiupaka unajikunja. Kipande kiwe na unene wa sentimita 1 na kidogo. Usiuweke kwenye friji hata siku moja, kwa kuwa wanga wa mkate hukauka na kukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Ukitaka kuuhifadhi kwa siku kadhaa, ugandishe kwenye friza.

Kinga ya mkate ni mafuta. Paka siagi au Blue Band kwenye vipande vyote viwili, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila kipande, mpaka ukingoni kabisa. Wengi hupaka katikati na kuacha pembe, na kulowa huanzia hapo hapo penye pembe. Siagi iwe laini ya kupakika, isiwe imeyeyuka. Iliyoyeyuka huzama ndani ya mkate na haibaki juu kuzuia maji. Mayonezi peke yake haitoshi kuwa kinga, maana nayo ina maji yake na kazi yake ni kuunganisha kijazo.

Nyanya ndiyo adui mkubwa zaidi wa sandwichi ya kubeba. Karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji, na mengi yako kwenye ule ute wa mbegu. Ikate, toa ute wote, kata ile nyama ngumu vipande vyembamba, nyunyiza chumvi kidogo, laza juu ya kitambaa safi dakika 15, kisha ikaushe. Hapo sasa itakaa, mradi isigusane na mkate: iweke kati ya jani na kijazo. Saladi ya majani nayo ioshwe kwa maji safi na ikaushwe jani kwa jani. Kwa hali yetu ya joto, napendelea kabichi. Saladi inanyauka kabla ya saa 5, kabichi inabaki na mlio wake mpaka jioni. Ikate nyembamba kama ya kachumbari, gramu 250 kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, subiri dakika 15, kisha ikamue kwa nguvu mikononi mpaka maji yaache kutoka. Ongeza karoti iliyokwaruzwa na matone ya ndimu. Ukiruka hatua ya kukamua, maji yatatoka tu, lakini yatatokea ndani ya mkate.

Yai. Hii ndiyo utakayouza zaidi, kwa hiyo iwe nzuri kweli. Kwa sandwichi 8 za vipande viwili viwili chukua mayai 10, mayonezi ya dukani vijiko vikubwa 4, haradali kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, na majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo, vijiko vikubwa 2. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hapo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Wanaofuata dakika za vitabu vya pwani au vya Ulaya hukuta kiini bado kina ute katikati. Hesabu dakika 12 tangu maji yaanze kutokota, kisha mwaga na utie maji baridi, ubadilishe mara mbili. Ukiyaacha yapoe taratibu ndani ya maji ya moto, kiini huzungukwa na rangi ya kijani na kutoa harufu ile ya salfa. Hayadhuru, ila mteja ataona kama limeoza. Mayai yaliyotagwa jana yanamenyeka vibaya. Ya siku 5 au 7 ndiyo ya kuchemsha.

Yakaushe baada ya kumenya, kwa sababu maji yanayobaki juu ya ute mweupe ndiyo yanayolainisha kijazo chako. Tenga viini, uviponde na mayonezi na haradali mpaka viwe uji mzito usio na mabonge. Weupe ukate vipande vidogo vya nusu sentimita, ndipo uchanganye. Njia hii inakupa kijazo kinachoshikana bila mayonezi mengi. Ukiponda vyote pamoja kwa uma, utajikuta unaongeza mayonezi ili kishikane, na kufikia mchana mafuta na maji yamejitenga. Usitie kitunguu chekundu kibichi. Kinatoa maji, na baada ya saa 3 harufu yake inafunika kila kitu ndani ya sanduku, hata zile za jamu. Mayonezi utumie ya dukani yenye siki ya kutosha. Ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi haifai kabisa kwa biashara ya juani.

Yai linaenda vizuri na nini? Kabichi iliyokamuliwa na pilipili manga nyingi ndiyo ya kwanza kwangu. Ya pili ni bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai kwa mayai 10, iliyopitishwa kwenye mafuta ya moto sekunde chache ili iache ubichi, pamoja na dhania. Hii wanaipenda sana watu waliozoea mapishi ya pwani na ya Kihindi, na Jinja hao hawakosekani. Tango ni tamu na yai, lakini ni maji matupu; liache kwa sandwichi za kula papo hapo.

Kuku. Kuku wa kisasa wa kilo 1 na nusu hutoa kama nusu kilo ya nyama isiyo na mifupa baada ya kupikwa, inayotosha sandwichi 8 hivi za gramu 60. Kuku wa kienyeji ana ladha zaidi, ila nyama yake ni ya nyuzi ndefu na mteja akiuma hutoka yote kwa mpigo, kwa hiyo ikate kwa kisu kukingama nyuzi, usiichambue. Chemsha taratibu kwa kitunguu, tangawizi na chumvi mpaka maji ya pajani yatoke meupe. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 74 katikati ya nyama. Chambua, tandaza kwenye sinia pana, funika kwa wavu, na ndani ya nusu saa itakuwa imepoa. Ukiirundika kwenye bakuli lenye kina, katikati itakaa na joto mpaka asubuhi inakucha. Mchuzi wake usiumwage: chukua kikombe kimoja, uchemshe ubaki vijiko vikubwa 2 au 3, uchanganye na nyama ikishapoa. Ladha yote ya kuku imo humo, na ukipoa barafuni huganda, hautiririki. Ongeza mayonezi vijiko vikubwa 4 na ndimu, basi.

Kuku na nanasi ni mchanganyiko mtamu kweli. Lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, ambacho huimeng'enya nyama na kuifanya iwe rojorojo ikikaa saa chache. Weka vipande vya nanasi kwenye kikaango kikavu chenye moto, dakika 3 kila upande, mpaka viwe na madoa ya kahawia. Moto unaua kile kimeng'enya na pia unafukuza maji. Vikate vidogo, vichanganye na kuku na pilipili kidogo ya kuwasha.

Parachichi hilo ndilo nisilotaka ulifunge alfajiri. Likikatwa, hewa hugusana na kemikali zake na kuligeuza kahawia. Ndimu huchelewesha, haizuii. Ile desturi ya kuacha kokwa ndani ya bakuli husaidia pale tu kokwa linapogusa, kwa sababu pamezibwa hewa. Beba parachichi zima na kisu, mkate ukiwa umeshapakwa siagi, na ulikate mteja akiagiza. Haichukui hata dakika 1, na mteja akiona limekatwa mbele yake hahitaji maneno. Kama foleni haikuruhusu, liponde alfajiri kwa vijiko 2 vya chai vya ndimu kwa kila parachichi, ulishindilie kwenye kopo dogo, ukandamize nailoni juu yake bila kuacha nafasi ya hewa, ulitie kwenye barafu, na ulimalize kabla ya saa 6. Chagua yale ya Hass, ambayo ganda lake hugeuka jeusi likiiva. Haya makubwa ya kijani yanayong'aa yana maji mengi na mafuta kidogo. Ni mazuri kwa kula na kijiko, ila kwenye mkate yanateleza na kulowesha. Bonyeza karibu na kikonyo: likibonyea kidogo linafaa leo, likizama ni la jana.

Na parachichi weka simsim iliyokaangwa kavu mpaka ianze kurukaruka, kijiko 1 cha chai kwa sandwichi, na chumvi. Ni kitu kidogo, lakini kinampa anayekula kitu cha kutafuna ndani ya ule ulaini. Vipande vya yai la kuchemsha juu yake vinaifanya iwe chakula kamili cha mchana. Mkate wa brauni unafaa hapa kuliko mweupe.

Sasa vile vya kukaa bila barafu, ambavyo hukuvitaja na ndivyo vitakavyokuokoa siku ambayo umeme umekatika usiku kucha. Cha kwanza ni siagi ya karanga. Haina maji ya kuwalisha bakteria, kwa hiyo haibadiliki kutwa. Karanga zenyewe ndizo za kuangalia: zilizonyauka, zenye rangi ya kutia shaka au zenye ukungu zitupwe kabla ya kusagwa, maana huwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Kwa sababu hiyo nunua karanga nzima, uchague mwenyewe ndipo usage, badala ya kununua iliyosagwa ambayo hujui ilianzia wapi. Paka kwenye vipande vyote viwili, kijiko kikubwa 1 kila kimoja, katikati weka vipande vya bogoya (ndizi mbivu kubwa na tamu) vya unene wa nusu sentimita na chembe ya chumvi. Chumvi hiyo usiisahau. Bila hiyo utamu unachosha mdomo. Bogoya itakuwa na rangi ya kahawia kidogo ikifika mchana, lakini imefichwa katikati ya karanga na haidhuru. Ndizi ndogo za sukari ni tamu zaidi ila hulainika mno.

Kwa wateja wanaotoka kaskazini, tafuta odii, ule mchanganyiko wa karanga na simsim wanaousaga Gulu na Lira. Kwenye mkate na asali ni kitu cha kukumbukwa. Paka odii pande zote mbili na asali katikati, kijiko 1 cha chai tu, isije ikaugusa mkate na kuupenya. Mteja wa karanga au simsim umuulize kama vinamdhuru, na kisu cha karanga na simsim kisiingie kwenye kijazo kingine.

Cha tatu ni jibini ngumu, mfano wa gouda au cheddar, na achari ya embe. Jibini ya gramu 30 iliyokatwa nyembamba, kijiko 1 cha chai cha achari iliyochujwa mafuta, kabichi. Gharama yake iko juu, kwa hiyo tengeneza 4 au 5 za wateja wa ofisini wanaoagiza jana yake. Jibini itatoa jasho la mafuta ikipata joto, haina shida.

Nyama ya kusaga nayo inafaa, ukiipika kama ya sambusa na siyo kama ya mchuzi: bila nyanya, tangawizi na kitunguu saumu mwanzoni, ikaangwe mpaka sufuria ikauke na nyama iachane punje punje, kisha ndimu, dhania na kitunguu vitiwe ikishaepuliwa. Ukavu huo unaokoa mkate. Haukuondolei sharti la barafu. Mwambie mteja umenunua nyama bucha gani, na ukiwa na wateja Waislamu, soseji na nyama zote ziwe halali au zitenganishwe kabisa, kisu na ubao vikiwemo.

Samaki wa moshi mwache. Ni mtamu, ila harufu yake itaingia kwenye kila sandwichi iliyomo sandukuni, na wenye ofisi watakulalamikia. Maharage pia yabaki kwenye kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage), yanachacha upesi. Na mayai ya kukaanga na nyanya waachie wauza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai): kitu hicho utamu wake ni moto wake, kikifungwa kinakuwa majimaji.

Wiki ijayo ningekushauri utengeneze sandwichi 20 kwa siku: 8 za yai, 5 za karanga na bogoya, 4 za kuku, na mkate uliopakwa tayari wa parachichi 3. Pima kijazo kwa mizani angalau siku za mwanzo, gramu 70 za yai na 60 za kuku. Mkono ukichoka huwa unaongeza, na faida ya sandwichi mbili inaisha kwenye hizo gramu za ziada. Kata kwa kisu cha meno bila kukandamiza, funga kwa karatasi ya mafuta wala si kavera, na uandike kwa kalamu juu ya kila karatasi jina la kijazo na saa ya mwisho ya kuliwa: ya yai na ya kuku saa 7, ya karanga jioni. Iliyopita saa yake usimpunguzie mtu bei, itupe.